Risasi ya Nane ya Silvanus Marwa

Mwaka umetimia, Baba Edah, tangu asubuhi ile ya Agosti 14, 2006, tulipokuamsha hapa Manassas, Marekani, usiamke. Daktari alisema ni moyo.

Tunakumbuka upole wako. Uliwapokea uwanja wa ndege hata watu usiowajua, na baridi ikiwa kali uliwavua wasiwasi kwa kuwavisha koti lako. Chai yako ilikuwa na tangawizi mpaka Edah akohoe.

Tunakumbuka kazi yako. Ufundi wa bunduki uliuanza Arusha, kwenye kampuni ya uwindaji, ukaja nao huku. Kazi yako ya mwisho ilikuwa bunduki ya Mzee Pruitt wa Arlington, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, aliyoachiwa na baba yake. Risasi zake hazipatikani tena dukani, ukawa unamtengenezea mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani. Baruti ikiwa pungufu, mtutu wa kulia ulipiga kulia na wa kushoto ukapiga kushoto. Ikizidi, zilipishana. Kila Jumamosi ulikwenda kujaribu, ukarudi na karatasi ya shabaha, ukaiinamia mizani upya. Miezi mitano ilipita kabla matundu hayajakaa pamoja. Siku hiyo uliibandika karatasi kwenye friji, juu ya ratiba ya shule ya Edah.

"Bwana wewe, unapima kama mfamasia," shemeji Phineas alikutania. "Si umwage tu twende?"

"Nikimwaga tu, utaokotwa vipande vipande," ukamjibu bila kuinua macho.

Nami uliniambia, "Mama Edah, ukiniona na mizani, mimi sipo nyumbani." Siku ya mwisho nilisahau. Mama yako alipiga simu kutoka Tarime, nikakuita mara mbili. Ukaja, ukaongea naye, ukacheka, ukarudi kumalizia risasi nane.

Hizo nane tuliwagawia wanaume waliobeba jeneza lako, moja moja. Tuliona ni heshima. Mzee Pruitt, mmoja wao, alilia, akasema, "Hii nitampigia nyati wangu wa kwanza, kwa ajili yake."

Daftari lako la kazi sikuwa na nguvu ya kulifungua mpaka wiki hii. Kwenye ukurasa wa mwisho umeandika: "Nilikatizwa. Nadhani ganda moja limepata baruti mara mbili, sijui ni lipi. Kesho nizifungue zote nane."

Kesho yake ndiyo hukuamka.

Nilipompigia Phineas, alicheka kwanza. "Shemeji, yangu iko kabatini na vikombe, inakula vumbi tu." Nikamsomea maneno yako. "Naileta sasa hivi," akasema. Ndiye aliyezunguka kwa wenzake mpaka zikafika saba. Boniface, fundi mwenzako, amezifungua na kupima baruti ya kila moja.

Zote saba ziko sawa.

Mlango wa Mzee Pruitt umefungwa. Jirani yake anasema aliondoka wiki iliyopita na bunduki yake, amekwenda kwetu Tanzania kuwinda. Simu yake haipatikani. Mdogo wako Mwita anazunguka ofisi za uwindaji za Arusha, na mpaka leo hajapata anayejua yuko pori gani.

Kwa hiyo kumbukumbu yako tumeipeleka na kwenye magazeti ya nyumbani. Utusamehe kwa kuichanganya na ombi. Yeyote atakayemwona Mmarekani mzee, mrefu, asiyesikia vizuri sikio la kushoto, amwambie asiifyatue risasi aliyopewa msibani. Imeandikwa "Silvanus" kwa wino mwekundu. Niliiandika mimi.

Unakumbukwa na mkeo Vumilia, binti yako Edah, mama yako Bhoke, mdogo wako Mwita, shemeji Phineas, na marafiki wote wa Manassas.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau, Baba Edah. Tunamwomba Mungu tusije tukamkumbuka na Mzee Pruitt kwa tangazo kama hili.