Hukuwa Mzembe, Mwalimu Mcha Mjaka

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu tarehe 12 Aprili 1954, ulipoangukiwa na ukuta wa nyumba kuukuu kule mtaa wa Malindi. Tungependa kukukumbuka kwa upole, maana wewe ulikuwa mpole. Hatuwezi. Tuna hasira.

Chuoni ulifundisha ujenzi wa barabara na majumba kwa miguu. Saa moja ya asubuhi tu, wewe na vijana wako sita mko njiani: siku hii kalvati la chini ya barabara ya Mpendae mvua ikinyesha, waone maji yanapita wapi, siku nyengine tanuu la chokaa, au ukuta uliotoa kitumbo. "Huyu mja mzito," ukiwaambia, "msimguse." Wakicheka, lakini hawakusahau. Mfukoni ulikuwa na timazi, ile kamba yako yenye risasi ya kupimia ukuta kama umesimama wima, na kashata za kuwagawia njiani.

Na kabla ya yeyote kuukaribia ukuta, sharti lako lilikuwa moja: mmoja asimame mbali, atazame juu, apige kelele jiwe likitikisika. Walishika zamu. Miaka tisa hakuumia mtoto wa mtu.

Kisha mkuu wa chuo akaandika kwamba wanafunzi hawatatembezwa tena mitaani kama mbuzi, ubao unatosha. Yeye, ambaye viatu vyake havijaona chokaa! Ulimwandikia barua tatu. Hakujibu hata moja.

Asubuhi ile, baada ya mvua ya siku mbili, wapangaji wa Malindi walikuja kukuita, ukuta wao umepasuka. Mama akakuuliza mlangoni, "Unakwenda peke yako? Nani atakutazamia juu?"

"Wamekatazwa, Bi Shemsa. Nnakwenda mara moja, nnarudi."

Uliwatoa wapangaji wote nje, hadi bibi kizee na kuku wake. Ukarudi kuupima ukuta. Waliobaki nje hawakujua watazame wapi, mpaka ukuta ulipoanguka.

Siku ya hitima mkuu yule alikusifu mbele ya watu, akala pilau yetu. Wiki ya pili tukasoma ripoti yake: mwalimu amefariki kwa uzembe wake mwenyewe. Uzembe! Mola anajua, na sisi tunasema hapa kila mtu asome: hukuwa mzembe. Ulinyimwa mtu wa kutazama juu, na aliyekunyima bado amekaa kitini.

Makungu, mwanafunzi wako, alilia barazani kwetu. "Zamu ilikuwa yangu, Mama," akasema. Hatuna la kumlaumu.

Safari zako bado ni marufuku. Lakini kila Ijumaa baada ya sala, Makungu na wenzake huja nyumbani Kikwajuni kuchukua timazi yako, waende wenyewe. Mama huishika mkononi, haitoi mpaka ajibiwe: "Leo nani wa kutazama juu?"

Unakumbukwa na mkeo Bi Shemsa, wanao Tabia, Mmanga na Borafya, na dada yako Bi Kazija wa Matemwe. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hatutakusahau maisha, wala hatutawaacha wakubwa wa chuo wasahau.