Kiungo cha Gosbert

Jumatatu, 6 Juni 1988

Kaka Gosbert karudi kutoka hospitali. Mguu wa kushoto umebaki huko, umekatwa juu ya goti. Mama kalia, wifi Deodatha kalia. Mimi nilimenya ndizi. Nilimenya mpaka Mama akaninyang'anya kisu — kwani tunalisha kijiji? Sisikii kitu. Nimekufa ganzi.

Jumanne, 7 Juni

Tumefungua tena karakana ya Tata, baba yetu. Msimu wa kahawa, wateja hawakosi. Mzee Rweyemamu wa Rugu anataka pikipiki yake irefushwe nyuma, ibebe magunia mawili. Akauliza kwa sauti ya chini: Telesfori, ni kweli ile ya mwanao ilikatikia kwenye kiungo? Tata akajibu, ndiyo, nilichomelea vibaya, ni mkono huu. Akauinua kabisa! Mimi nilikuwa nafagia. Nikaendelea kufagia.

Alhamisi, 9 Juni

Basi niandike, humu hasomi mtu.

Kile kiungo cha fremu nilikichomelea mimi. Tata aliitwa mazishini Nyakatuntu, kazi ya pikipiki ya Gosbert akaiacha nusu. Nikasema naweza. Kwa macho kilipendeza, nikakipaka rangi upesi. Asubuhi Gosbert akaichukua, akidhani kamaliza Tata. Kwenye mteremko wa Rugu fremu ikaachana, pikipiki ikamlalia mguu.

Tata alipokiona kile chuma alijua mara moja. Hakunigombeza. Alisema tu: Koku, mkono ni wangu, wewe nyamaza. Wiki ya tano sasa nimenyamaza. Mwoga mimi!

Jumapili, 12 Juni

Gosbert hasemi na Tata. Mezani anamtuma Mama — mwambie mzee asogeze chumvi. Na mzee yuko palepale!

Baada ya ibada Tata kaingia karakana. Jumapili! Yeye ambaye Jumapili hata msumari hagongi. Anamtengenezea Gosbert pikipiki nyingine. Fremu kaikata, kiti kishuke, apande bila taabu. Gia itakuwa ya mkono, fimbo ya chuma inapanda mpaka pajani. Kazi safi. Nilitaka kufurahi, furaha haikuja.

Jumanne, 14 Juni

Mchana. Imebaki kuunga fremu tu. Tata kavaa miwani, kafungua gesi. Gosbert katoka nje na magongo yake, na leo kasema na Tata mwenyewe: mzee, hapo usiguse. Achomelee Koku. Huyo ndiye ninayemwamini.

Tata kanitazama. Nilidhani atasema. Nilitaka aseme! Kavua miwani, kanipa.

Nikasema ngoja nifuate kiberiti. Kiberiti ninacho mfukoni. Niko chumbani, mlango nimeufunga, naandika. Nikitoka nikasema, Tata amebeba aibu yangu bure wiki zote hizi. Nisiposema, nachomelea tena.

Gosbert ananiita — Koku! We Koku! — kwa sauti yake ya siku zote, ya utani. Tata simsikii. Gosbert anasema toka basi, nimechoka kusimama.