Awuor Hangoji Zamu ya Kaka Yake

Baba Okoth,

Nina hasira na wewe. Nilitaka kuanza na salamu, nimeshindwa. Ningekuandikia kwa Kikuria nikutukane vizuri, lakini hukujifunza hata neno, na Kijaluo changu huchekesha watu. Basi tuendelee na Kiswahili kilekile ulichonitongozea sokoni Migori.

Binti yako Awuor amepita mtihani. Amepata alama za kusomea uhandisi wa mashine za hospitali. Unajua kwa nini anautaka. Ulipokuwa ukihema pale wodini, mashine ya oksijeni ilikuwa pembeni imefunikwa shuka, imeharibika, inangoja fundi kutoka mbali. Mtoto akawa anaifunua na kuifunika, anaifunua na kuifunika. Wewe ukaniambia, "Mama Okoth, usigombane na wauguzi, fundi atakuja." Hukupenda ugomvi, wewe. Fundi alikuja tukiwa tumeshakuzika.

Tukaanza kutafuta chuo, mimi na yeye. Cha kwanza kina geti zuri ajabu, mpaka nikapangusa viatu. Tukaonyeshwa mashine mpya, bado zimevikwa nailoni. Awuor akauliza, "Wanafunzi huzifungua lini?" Mwalimu akacheka, ati hizo ni ghali, ni za kutazama. Mtoto akanivuta mkono tukatoka. Cha pili kiko Eldoret. Rangi imebambuka, choo usiseme, lakini tulikuta wasichana wamefungua kile kisanduku cha joto cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, vipande vimejaa meza, wanabishana juu ya nyaya. Awuor akasahau kama nipo. Nikasema haya, ni hapa.

Ndipo kaka yako Ouma akaja na wazee. Ati Okoth ni kifungua mimba na bado anarudia mtihani. Mdogo akimruka mkubwa, chira, ile laana ya kuvunja mila, itaingia bomani, watu wakonde mpaka wafe. Ni kama kupanda mbegu, mkubwa kwanza. Awuor angoje mwaka ujao. Angoje, na hapo mwisho wa kuchagua vyuo ni Ijumaa! Nikamuuliza nani amempa mamlaka. Akanijibu, "Marehemu. Aliniambia watoto ni wangu."

Baba Okoth! Ulipata pumzi ya kumwambia Ouma hayo, na mimi niliyekushika kichwa ukaniomba maji tu? Mama yako alipougua nilimwogesha mimi. Watoto niliwabeba mimi. Halafu ni wa Ouma? Nilikulilia mpaka sauti ikakauka. Haki ya Mungu, ningejua, ningelia kidogo.

Nilisimama mbele ya wazee. Najua, mwanamke hasimami hivyo, tena Mkuria. Nikawauliza, "Mlipogawa shamba la marehemu, mlimhesabu Awuor? Si mlisema msichana ataolewa, hana zamu kwenye mbegu? Kwa shamba hayumo, kwa chuo ghafla yumo? Mwekeni pote au mtoeni pote." Wakakohoa. Mmoja akaanza kutafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani. Okoth naye, ambaye hajawahi kumjibu mtu mzima, akasema, "Baba mkubwa, mimi sijaomba kungojewa." Sauti ilikuwa yako kabisa, ila wewe hungesema hivyo. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia maana ningelia mbele ya Ouma.

Jana tumeenda Homa Bay kwa kijana wa kompyuta, na Awuor ameweka Eldoret mahali pa kwanza.  

Ouma ametangaza hadi soko la Rodi Kopany kwamba hatakanyaga kwangu tena, kwa sababu nimevunja neno la marehemu. Ni kweli, nimelivunja, na sikuombi msamaha. Ungenisikiliza mara moja tu maishani, labda ungekuwa hapa tukigombana ana kwa ana. Nakupenda bado, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Nakuahidi atasoma mpaka amalize. Chira ikija, inikute mimi kwanza, niko mlangoni.

Pumzika sasa. Na ujue jambo moja: kijana wa kompyuta alipouliza nani aandikwe kama mzazi, Awuor alinitazama, akangoja. Nikataja jina langu peke yake.

Boke