Sarafu Niliyoirusha Jikoni

Jumatatu, 16 Juni 2025

Ines kalala, hatimaye. Jino la juu linatoka, na nyumba nzima inaumwa. Mgongo huu si wangu tena, nimeazimwa tu.

Radek kanichekesha wakati wa chakula. Kuna tapeli anamtumia ujumbe tangu wiki iliyopita. Anajifanya mkuu wa ile kampuni kubwa – yule yule ambaye haipiti siku bila sura yake kwenye habari! Eti kasoma kazi yake ya akili mnemba, anaomba waongee. Radek kafuta mara mbili. Leo ulipoingia wa tatu akamjibu: kama wewe ni yeye, basi mimi ni Baba Mtakatifu wa Roma. Tumecheka mpaka mtoto akashtuka.

Matapeli wa zamani walijifanya watoto wa wafalme. Wa siku hizi hawana haya, wanapanda juu moja kwa moja.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuwa tapeli!

Simu ya Radek iliita asubuhi, namba siijui, simu ya picha. Yeye alikuwa anamlisha Ines. Nikaipokea mimi nikidhani ni kliniki ya watoto. Ukatokea ule uso. Wenyewe! Na fulana ya kawaida kabisa, kama jirani anayeomba chumvi.

"Habari za asubuhi. Baba Mtakatifu yupo?"

Mimi nina uji begani. Nikasema yupo, anamfuta mtoto. Akasema hana haraka, amalize.

Hana haraka! Mtu ambaye mawaziri wanamsubiri mlangoni, leo anamsubiri mume wangu afute uji.

Radek alitoka nayo barazani. Nikamwona kupitia mlango wa kioo, kasimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Wameongea muda mrefu. Aliporudi akakaa mezani. Akamalizia uji wa Ines, kwa kijiko cha Ines.

Ijumaa, 20 Juni

Kanitajia leo. Dola milioni mia moja, kwa miaka minne.

Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikakaa sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwa daktari wa meno. Nimemaliza sekondari na kozi ya mwaka mmoja, basi. Nilijaribu kuzigeuza zile pesa kuwa pampasi ili zinielee, nikachoka njiani. Najua mume wangu ana akili. Sikujua akili ya mtu anayesahau funguo kwenye friji inaweza kufika bei hiyo.

Nikampigia mama, kule San Jose. Swali lake la kwanza: ameua mtu? Nikasema hapana mama, wanataka kumlipa afikiri. Akasema: "Mwanangu, mtu halipwi hivyo kwa kufikiri. Analipwa hivyo kwa kunyamaza."

Nilicheka. Nilipokata simu ndipo Radek akanipa masharti. Jibu kabla ya Jumatano adhuhuri, ikipita hapo ofa imekufa. Wanamtaka yeye peke yake. Na asimwambie mtu.

(Mama nilishamwambia. Lakini mama si mtu, ni mama.)

"Mtu" maana yake Anirban, mshirika wake wa kazi.

Jumamosi, 21 Juni

Kimekuja kifurushi. Blanketi la mtoto, sufi laini kama mvuke, na jina limetariziwa pembeni kwa uzi wa dhahabu: INES. Hatukuwatajia jina.

Zuri mno. Nimelikunja nikaliweka juu ya kabati. Ana lake alilofuma bibi yake.

Radek anasema bonde zima hili la kampuni za teknolojia limepagawa. Watafiti wananunuliwa kama wachezaji wa mpira. Mmoja aliyesoma naye alihama asubuhi, mchana kule alikotoka wakampandishia dau, jioni akarudi – na hakuwa hata amefungua begi. Kampuni moja changa imechukuliwa watu wote, kabaki mwenye kampuni na mashine ya kahawa.

Nasikiliza mdomo wazi. Halafu Ines analia, naenda.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya kula na wa ghorofa ya juu. Kila Jumapili wanashuka: Anirban, mkewe Sohini, na Rono wao, mdogo wa Ines kwa wiki mbili tu. Sohini ndiye aliyenishika mkono uchungu uliponianza, Radek akiwa anatafuta funguo. Anaishi juu ya kichwa changu. Najua hatua zake.

Anirban na Radek ndio walioanzisha kampuni yao, watu tisa juu ya duka la baiskeli. Kazi yao wanaifanyia popote, hata kwenye mlango wangu wa kioo. Mmoja anaandika hesabu, mwenzake anazifuta na kubishana, kisha wanabadilishana kalamu. Nusu ya mlango ni mwandiko wa Radek, nusu wa Anirban. Huwa nasafisha kwa kuzunguka pembeni.

Sasa nilikuwa nakata vitunguu, hawajashuka bado. Nikamuuliza Radek: kwa nini wewe tu? Akasema, huku anaangalia sakafu: "Wanamtaka mwandishi wa kwanza. Wa lile andiko letu la utafiti."

Kisu kikasimama.

"Jina la kwanza?"

"Ndiyo."

"Radek. Jina la kwanza nililiweka mimi."

Akasema anajua.

Mwaka jana, kiangazi. Andiko limekwisha, kila mmoja kafanya nusu, hakuna aliyemzidi mwenzake. Wenyewe wana desturi yao: wakilingana hivyo wanarusha sarafu. Wanatia nyota kwenye majina, na chini kwa herufi za sisimizi wanaandika kwamba mpangilio umeamuliwa kwa sarafu. Nilikuwa na tumbo kama tanki, nimekaa kwenye kiti cha dirishani. Wakasema arushe Yesenia, hana upande. Sina upande, na mume wangu yumo! Upande wa kichwa ni Radek, upande wa ndege tai ni Anirban. Nikarusha. Kikaja kichwa. Anirban akapiga kelele: "Shemeji, huo mkono una upendeleo!" Kisha tukala aiskrimu, tukasahau.

Dunia nzima ikasoma jina la kwanza. Nyota haikusomwa na mtu.

Milioni mia moja! Kidole gumba changu!

Walishuka saa ile ile. Anirban yuko katika hali nzuri, anatania mezani kuhusu habari za bonde. "Mbona sisi hawatupigii? Au wanaogopa ngazi za duka la baiskeli?" Radek akainamia sahani yake. Sohini akaniangalia.

"Dada, unaumwa?"

"Jino."

"Lako?"

"La Ines."

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia Radek asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini. Kusaini au kutosaini ni juu yako. Lakini husaini kabla ya kumwambia Anirban. Na wale wakubwa uwaambie habari ya sarafu.

"Unajua tunachoweza kupoteza?"

"Najua. Nilikaa sakafuni kwa ajili yake."

Akasema mimi ni mwepesi wa kutoa kisicho changu. Nikasema sawa, lakini sitakutana na Sohini kwenye ngazi miaka minne huku naangalia viatu.

Akamchukua Ines kifuani, akaenda naye kutembea. Nimechelewa kazini kwa kuwasubiri. Alirudi macho mekundu, mtoto kalala na mkono ndani ya ndevu zake.

"Kesho," akasema.

Nilimbusu. Si mtu mbaya, wangu. Kaogopeshwa tu na kitu kikubwa, na mimi pia.

Jumanne, 24 Juni

Kamwambia. Wamesimama pale pale kwenye kioo.

Anirban alicheka kwanza. Halafu akaacha. Akauliza kiasi gani, akaambiwa. Akachukua kitambaa, akaenda upande wa mwandiko wake. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Usifute!"

Akakiweka chini. "Milioni mia moja, shemeji. Nilikuambia huo mkono una upendeleo." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

Hakula. Huko juu hatua za Sohini zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi.

Jumatano, 25 Juni

Sohini alibisha hodi mapema. Sufuria ya wali na dengu mkononi, Rono kiunoni. Akaitua sufuria juu ya jiko kwa kishindo.

"Ungeniambia lini?"

"Leo."

"Leo nimekuja mwenyewe."

"Sohini –"

"Nyamaza. Umekondeana. Kula kwanza."

Tukalia, tukacheka, dengu zikapoa. Akauliza kama ile sarafu bado ninayo. Ninayo, imo kwenye kopo la vibanio vya nywele vya Ines. Akaigeuza, upande huu, upande ule. "Robo dola," akasema. "Haina hata uzito."

Anirban naye akashuka, hajachana nywele. Radek akapiga simu mbele yetu sote, sauti nje. Akamweleza yule mkubwa yote: nusu kwa nusu, nyota, herufi ndogo.

"Sarafu?"

"Sarafu."

"Aliirusha nani?"

Radek akanitazama. "Mke wangu."

Yule bwana akacheka – kicheko cha kweli, nadhani, sijui watu wa namna ile wanachekaje. Akasema tumpe dakika chache, kuna mtu ambaye lazima aongee naye kwanza. Akakata.

Basi tunasubiri. Adhuhuri inakaribia. Naandika nimesimama hapa kwenye meza ya jikoni. Simu ya Radek iko katikati ya sahani, kama mgeni. Blanketi la uzi wa dhahabu nililishusha mwenyewe, sakafu ni baridi. Ines kalala juu yake, Rono anatafuna pembe yenye jina. Anirban katugeuzia mgongo, anasoma kioo kama hajawahi kukiona.

Sohini kasogea karibu yangu.

Inaita.

Sote tumeiangalia ya Radek. Kioo chake cheusi, haina habari.

Ni ya Anirban. Mfukoni mwake. Kaitoa: simu ya picha, namba haijui, kama ile ya Alhamisi. Anamwangalia Radek, Radek anamwangalia yeye, na inaendelea kuita. Sohini kanishika mkono – huu huu – kalamu inaniponyoka.