Mluzi wa Pili, Msitu wa Matogoro

MAELEZO YA SHAHIDI: KUPOTEA KWA ISIDORI NGONYANI
Jina: Leonce Haule. Umri: miaka 76. Kazi: mwalimu mstaafu. Makazi: Matogoro, Songea. Tarehe: 16 Juni 2025, saa 4:20 asubuhi.

Kosa wanalofanya wengi tangu alfajiri ni kuuliza mlemavu aliyeacha magongo yake anaweza kufika wapi. Kwa hiyo wanamtafuta uani na kwa majirani. Swali hilo silo. Naomba nieleze taratibu.

Isidori ni jirani yangu. Mguu wake wa kushoto ulikatwa na bomu la ardhini katika vita vya Kagera, mwaka 1979. Mwaka huu amechapisha kwa fedha zake kitabu cha maisha yake, mimi nilimsahihishia. Ameandika kwamba askari mwenzake, Valence, alimbeba mgongoni hadi kichakani, akamwambia, "Nisubiri, nitarudi kukuchukua," akaenda kutafuta msaada. Aliuawa njiani. Isidori aliokotwa na wengine.

Mnamo tarehe 15 Juni, Jumapili, baada ya misa, tulikusanyika sebuleni kwake atusomee. Alipofika hapo kwenye "nitarudi", mtu alisimama mlangoni. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso hatukuuona. Ida, mke wa Isidori, akamkaribisha. Akajibu kwa sauti ya kijana, "Sikai, mama. Nimemfuata mwenzangu."

Shemeji yao, Rupert, akatania, "Mchukue, ila nunua kitabu kwanza!"

Tulicheka. Isidori alifunga kitabu. Tulipogeuka tena, mlangoni hapakuwa na mtu.

Leo saa 12 asubuhi Ida aliniita: "Mwalimu, mzee hayupo kitandani." Magongo yalikuwa yameegemea ukuta, na koti lake lilikuwa msumarini. Kwenye matuta ya mboga aliyomwagilia Ida jana palikuwa na nyayo za buti, za mtu mmoja, miguu yote miwili. Zilikuwa zimezama sana, kama za mtu aliyebeba mzigo. Nilizifuata hadi ukingoni mwa msitu, zikapotelea kwenye majani.

Kitabuni ameeleza kwamba vitani waliitana kwa mluzi, mara mbili. Valence alijibu upesi siku zote. Isidori mwenyewe alichelewa, mpaka alowanishe midomo. Basi nami nikapiga. Nilijibiwa papo hapo, karibu sana, upande wa kulia. Baada ya kitambo ukaja mwingine, dhaifu, kutoka juu mlimani. Umri hauniruhusu kupanda, ndiyo maana nimekuja hapa kituo cha polisi.

Sajenti Sabra ameniuliza, "Mzee wangu, unataka niandike kwamba marehemu amepiga mluzi?"

Nimemjibu, "Andika nilichosikia, mwanangu. Baridi ya Juni unaijua, na yule hana koti."

Sina la kuongeza wala la kupunguza katika niliyoyaona na kuyasikia.

Sahihi: L. Haule

Maelezo ya mpokeaji, Sajenti Sabra Milanzi: Nimemsomea shahidi, amethibitisha. Kwa kikosi cha utafutaji: pandeni leo, kabla jua halijazama. Pigeni mluzi mara mbili. Atakayejibu kwanza msimfuate.