Jina Langu Kwenye Simu ni Bukavu

Jumapili, 1 Juni 2025
Tumetoka kanisani, Gaëlle kajifungia chumbani na simu yake. Namsikia anacheka! Nikabisha, nikauliza kama atakula. "I'm fine, Ma." Nikauliza anacheka na nani. Kasema na Wakorea wake, wale waimbaji, na kwamba mimi sitaelewa. Binti yangu huyo, miaka kumi na tano. Nimekula peke yangu, ugali wa watu wawili.

Jumanne, 3 Juni
Saluni imepoa, baridi ya huku kusini imewafungia wateja nyumbani. Msichana niliyekuwa namsuka naye ni mgonjwa wa Wakorea haohao. Kanionyesha: mwimbaji mmoja, Jiwol, kakaa mbele ya kamera na bakuli la tambi. Anakula, mashabiki wanamwandikia, anasoma na kuwajibu papo hapo. Anawauliza — mmekula? Dunia nzima inamwaga machozi! Mimi nauliza hilohilo kila siku, naonyeshwa mgongo. Msichana kanifungulia akaunti. Jina? Nikasema Bukavu, mji wa kwetu.

Alhamisi, 5 Juni
Jiwol yuko laivu. Kakonda, mtoto wa watu. Nikaandika: "Kula kwanza mwanangu, tambi zinapoa." Mistari ya mashabiki inapita mbio, sikudhani kuna atakayeiona yangu. Mara nikajibiwa — na Gaëlle! Picha ni yake, ile aliyopiga kwenye ngazi zetu. Tena kwa Kiswahili: "Uko wa Bukavu? Mama yangu anatokaka kule." Kacheka sana hilo "mwanangu", anadhani ni msichana mwenzake anatania. Nyumbani hanijibu Kiswahili tangu akiwa mdogo. Nilipaswa kusema ni mimi. Nikaandika: "Ndiyo, niko wa kule."

Jumapili, 8 Juni
Kuna mahali pa mashabiki kuandikiana wawili tu, pembeni. Gaëlle ananiandikia — yeye chumbani, mimi jikoni, ukuta mmoja katikati. Shuleni wanamwita kwerekwere, tusi la huku kwa wageni, wanamwambia arudi kwao. Na alizaliwa hapahapa! Sijawahi kulisikia hili. Nikauliza, mama yako anajua? Kajibu: "Hapana. Mama anarudi kachoka, anaulizaka tu kama nimekula."

Nimeingia bafuni, nimelia. Kisha nikamwandikia pole. Kanishukuru, eti mimi ni rafiki mzuri. Najiona mwizi tu.

Jumatano, 11 Juni
Leo nilikusudia kumwambia. Kaja kuchukua maji, nikafungua mdomo — "Umekula?" Eish!

Jumapili, 15 Juni
Kesho ni sikukuu, kazi hakuna. Mashabiki wanakutana mkahawani kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Jiwol, na keki, na vikombe vyenye sura yake. Mwenyewe yuko zake Korea! Gaëlle kamwalika Bukavu. Nimejibu nitakuja. Kwa nini nimejibu hivyo!

Mchana katoka chumbani mwenyewe. "Ma, utanisuka? Kesho nakutana na rafiki." Miaka sasa hajaniachia kichwa chake. Kakaa katikati ya magoti yangu, anaongea — Kiingereza kingi, Kiswahili kidogo, lakini anaongea. Rafiki yake ni mtu wa kwetu. Ndiye wa kwanza kumsikiliza. Anasema nitampenda. Nikauacha msuko katikati. Nikasema ngoja nichemshe maji ya moto ya kuchovya ncha za misuko.

Niko jikoni naandika hapa. Kabaki pale na nusu ya kichwa. Simu imetikisika mfukoni mwa aproni. Ni yeye:

"Mama ananisuka. Leo tunaongea, sijui kumepita nini. Nataka kesho umuone. Nitamuomba aje na mimi."

Nimeisoma mara mbili, tatu.

"Ma! Uko wapi? Kuja, niko na kitu nataka kukuomba."