Hamadi, Nilitaka Kuigawa Meza Yako

Hamadi, ndugu yangu,

Sijui kama huko uliko habari za dunia zinafika. Nchi moja kubwa imeingiza vifaru kwa jirani yake mdogo, na hapa Kariakoo kila anayekunywa kahawa amekuwa balozi. Mimi zaidi, unanijua. Mtu ameishia kidato cha pili lakini Guangzhou kwa Wachina kafika mara mbili, atanyamaza vipi? Nikawa nawaambia mataifa yasimame katikati, yapatanishe, kila mmoja apate kidogo, yaishe. Ungekuwepo ungenibishia mpaka kahawa ipoe. "Mudi, wewe ungekuwa hakimu, mwizi wa ng'ombe angerudi kwake na paja." Ndivyo ulivyokuwa ukinisema.

Sasa sikia yaliyoikuta meza yako. Eda ilipokwisha, mkeo alikuja mwenyewe kuuza khanga mezani pako. Wiki haijaisha, asubuhi moja akakuta khanga zake zimesokomezwa kwenye kiroba, na pale pake Faraji, yule wa jumla mwenye fremu tatu, kapanga majora ya vitenge hadi ukutani. Eti mjane hahitaji nafasi yote ile.

Nikaenda kupatanisha. Nikavaa na koti la Guangzhou. Nikamwomba shemeji amwachie Faraji nusu, tuishi kwa amani. Akaniuliza, taratibu kabisa: "Shemeji, hiyo nusu unayoigawa ni ya nani?"

Nikajifanya naitwa na mteja, Hamadi, nikaondoka. Ukweli niliuficha hata mbele yake: niliogopa. Si unajua tunavyoishi, mteja akitaka kitenge cha ua usilonalo unakimbilia kwa jirani, unachukua, unauza, unampelekea pesa yake. Mimi nachukua kwa Faraji. Sote tunachukua kwa Faraji.

Aliyeanza ni Mama Massawe wa vifungo na sindano, ambaye duka lake lote linaenea kwenye beseni. Mteja alimwuliza kitenge, akamwambia, "Kwa huyu sichukui mpaka meza ya watu irudi. Ngoja nikutafutie kwingine." Akaenda mpaka mtaa wa pili.

Faraji akacheka. "Mama, utakufa njaa na sindano zako."

"Nilikuwa nakula kabla hujanenepa, baba."

Kesho yake wakamfuata wawili. Kisha wabeba mizigo: gari lilileta marobota ya Faraji, na hakuna aliyeweka bega. Mimi nilijiunga siku ya tatu, nikampisha shemeji kwenye meza yangu. Wateja walinikimbia, nikashinda kwa mihogo. Silalamiki. Nakueleza tu.

Nimeyaona maghorofa ya Dubai mpaka shingo ikauma. Hayajanitisha kama kile kimya mbele ya duka lililojaa. Hakuna tusi, hakuna jiwe. Watu wadogo wanapita tu, mmoja baada ya mwingine, hawaingii.

Siku ya tisa Faraji akaanza kuondoa majora yake mwenyewe, shati limelowa, hatazami mtu. Na Mama Massawe, nikiangalia kwa macho yangu, akaliacha beseni lake akaenda kumshikia jora upande wa pili. Wakalibeba pamoja hadi ndani. Nilisimama pale kama niliyeingia msikitini kwa mara ya kwanza.

Mkeo yuko mahali pake, anauza.

Najua vifaru si vitenge, na kule watu wanakufa. Lakini kwenye kahawa sasa nasema mengine: mataifa yaache kumgawia mbabe kisicho chao. Yaache kuchukua kwake, hata kama yatashinda na mihogo. Yampishe aliyefukuzwa. Na mbabe akikubali kutoka, apatikane wa kumshikia mzigo. Wananiuliza nimesoma wapi. Nawaambia kwenye beseni.

Pumzika, ndugu yangu. Mola akupe nafasi asiyoweza mtu kukuhamisha. Nami nakuahidi, akitokea mbabe mwingine sitangoja siku ya tatu. Na kama mbabe huyo nitakuwa mimi, maana kitambi nacho kinakuja, nimeshamwambia Mama Massawe asinionee haya.

Wako,
Mudi